Nguzo za Maruhubi zimekatika kwenye picha: zitengenezwe au zipigwe upya?

SWALI: Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi natembeza wageni, kwetu Wete, Pemba. Mwezi uliopita nilivuka Unguja na kundi langu tukapita Maruhubi kuangalia gofu la kasri. Nilisimama baina ya nguzo nikapiga picha saba kwa simu, kutoka kushoto hadi kulia, bahari ikiwa nyuma yake. Nimeziunga kwa Hugin, ile programu ya bure. Nguzo mbili zimekatika katikati, kipande cha juu hakikai juu ya cha chini. Ukuta mfupi ulionyooka umepinda. Mbinguni kuna michirizi ya giza iliyosimama wima. Nilipokoleza rangi, mawe yakageuka ya chungwa. Nataka niichapishe upana wa mita moja na nusu, niitundike mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya shangazi yangu. Je, nirudi Unguja nikapige upya au hizi zinatengenezeka? Na nikifika Kizimkazi, naweza kuunga picha za maandishi ya kibla ya msikiti wa kale kwa njia hii hii?

JIBU: Waalaikumu salaam, mwanangu. Usikate tiketi ya boti bado. Michirizi, ukuta na rangi ya mawe ni kazi ya jioni moja kwenye kompyuta. Nguzo ni kesi nyingine. Kosa lile lilifanyika palepale Maruhubi, mkononi mwako, kabla Hugin haijafunguliwa, na programu yoyote utakayoipa kazi hiyo itaweza kulificha tu. Kwa picha ya mapokezi, kulificha kunatosha. Lau ungekuwa unataka picha ya kumbukumbu, ya mtu kuja kupimia unene wa nguzo au nafasi baina yake, ningekwambia urudi bila kusita.

Nimefungua picha yako ya tatu na ya nne sambamba. Kwenye ya tatu, ngalawa iliyopandishwa mchangani inaonekana nzima, kushoto kwa ile nguzo nene iliyobanduka plasta, na baina ya omo na nguzo pamebaki uwazi wa mchanga. Kwenye ya nne uwazi ule haupo, omo imeshaingia nyuma ya nguzo. Ngalawa haikusogezwa, wala nguzo haikuhama. Iliyohama ni simu. Programu imepewa picha mbili zinazopingana: ikilinganisha ngalawa, nguzo zinaachana, ikilinganisha nguzo, ngalawa zinaachana. Yako ilishika ngalawa na minazi ya mbali kwa sababu huko ndiko ilikopata alama nyingi za kufanana, na gharama yake zikalipa nguzo.

Hiyo ndiyo paralaksi, na hesabu yake si ngumu. Watu wengi hupiga picha za namna hii kwa kunyoosha mikono na kugeuza kiwiliwili. Mhimili wa mzunguko unakuwa mgongo wako, na simu iko kiasi cha sentimita 40 mbele ya mhimili huo. Picha zako saba zimefunika kama digrii 150, kwa hiyo kila hatua uligeuka digrii 17 hivi, na kila hatua simu ikasogea pembeni sentimita 12. Kwa nguzo iliyo mita 4 mbele yako, sentimita 12 hizo ni takriban pikseli 100 kwenye picha ya megapikseli 12. Kwa kitu kilicho mita 60 ni pikseli 7, na hizo hakuna atakayeziona.

Ndiyo maana mtu akisimama katikati ya ua wa Ngome Kongwe, pale Mji Mkongwe, akageuka huku na huku bila uangalifu wowote, picha zake zinaungana vizuri tu. Kuta ziko mbali naye, mbele yake hamna kitu. Maruhubi ni kinyume. Kasri lile Seyyid Barghash alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua 1899. Mapaa na orofa ya juu havipo tena. Zimebaki nguzo zilizoibeba, vipande vya kuta na hamamu. Basi unasimama baina ya nguzo zilizo karibu yako kabisa, na nyuma yake hakuna ukuta wa kulizuia jicho, kuna pwani na bahari moja kwa moja. Vya karibu sana na vya mbali sana ndani ya picha moja, hiyo ndiyo hali ngumu kuliko zote katika kazi ya kuunga picha.

Sasa tuzitengeneze. Fungua orodha ya alama ambazo Hugin imezitumia kufungamanisha picha zako, ufute zote zilizoangukia ngalawa, minazi ya mbali, mawimbi na mawingu. Usizionee huruma hata kama ni nyingi. Kisha weka zako kwa mkono, kwenye nguzo peke yake: ufa wa plasta, kona ya jiwe lililochomoza, doa jeusi la kuvu. Tano au sita kwa kila jozi ya picha zinatosha, ila zitawanye kutoka juu ya nguzo hadi chini. Ukizirundika pahala pamoja nguzo itashikwa kiunoni na kichwa kitaendelea kuyumba. Amuru ipange upya. Nguzo zitakaa. Vilivyo mbali ndivyo vitakavyoachana, lakini vitaachana kwa mlalo, na mstari wa mwisho wa bahari ukiusukuma kushoto au kulia unabaki mstari uleule. Maji na mchanga havina sura ya kukumbukwa. Mgeni wa shangazi yako atapitisha macho pale bila kuona kitu.

Baada ya hapo kuna kazi ya kufunika, ambayo watu huiruka na ndiyo yenye faida kubwa. Hugin inakuruhusu kuzungushia mstari eneo la picha na kuiambia, hapa usichukue kitu, au hapa lazima uchukue. Panga hivi: kila nguzo itoke kwenye picha moja tu, kuanzia kichwani hadi chini. Chagua picha ambayo nguzo hiyo imekaa karibu na katikati, uifunike kwenye jirani zake. Mshono upite kwenye mchanga, kwenye majani au mbinguni, usipite juu ya jiwe. Ngalawa iache kwenye picha ya tatu, ifunike kwenye ya nne. Yule mzee mwenye kofia aliyetembea akatokea kwenye ya tano na ya sita, amua unamtaka wapi, mfunike pengine. Mimi ningemwacha karibu na nguzo ya kulia, maana bila mtu hakuna atakayejua nguzo zile ni kubwa kiasi gani.

Ukuta uliopinda hauhusiani na paralaksi, na huko wala hukukosea. Umeona digrii 150 za dunia ukataka zilale kwenye karatasi bapa. Lazima kitu kipinde. Hugin ikipewa picha pana huchagua yenyewe namna ya kuikunjua, na kwa upana kama wako mara nyingi huikunjua kwa namna ya silinda. Hapo nguzo zote zinabaki zimenyooka wima, ila mstari wowote wa mlalo ambao haupo kwenye usawa wa jicho unapinda. Ukuta wako uko chini ya usawa wa jicho, basi umepinda. Ukibadilisha uchague mkunjuo unaonyoosha mistari yote, ukuta utanyooka, lakini nguzo za pembeni zitatanuka zionekane mapipa. Mkunjuo huo ni wa picha ya digrii 100 hivi, 120 ukijitahidi, si 150.

Jaribu ule unaoitwa Panini. Jina ni la Giovanni Paolo Panini, mchoraji wa Italia wa karne ya 18 aliyekuwa akichora ndani ya majengo makubwa kwa upana mkubwa bila kupotosha sura yake. Unaziacha wima zisimame, na mistari inayokimbilia katikati ya picha nayo inanyooka. Una vidhibiti vyake vya kupunguza na kuzidisha, vichezee huku unautazama ukuta wako na nguzo ya mwisho kushoto. Na kama kipande cha pembeni kabisa hakina cha maana, kikate. Kwenye picha yako, nafsi yangu haioni hasara kuitupa picha ya saba yote: ina kichaka na kibao. Ukibaki na digrii 130 kila kitu kinakuwa chepesi.

Kuna mtego hapa wa kuuangalia. Hugin hukupa nafasi ya kuiambia, mstari huu ni wima, nisawazishie picha kwa huo. Mkono unakimbilia nguzo. Usifanye hivyo kabla hujahakikisha. Nguzo ya gofu lililoungua, likanyeshewa masika zaidi ya 120, si shahidi wa wima. Ukiifanya nguzo iliyoinama kuwa kipimo, utaisimamisha hiyo na kuilaza bahari. Kipimo chako ni mwisho wa bahari, ambao lazima uwe sawasawa, na baada ya hapo nguzo iliyoinama iache imeinama. Picha inayonyoosha kila kitu ndani ya gofu si picha ya gofu tena. Ukirudi siku nyingine, tia pima maji ndogo ya fundi mfukoni. Simu nyingi pia zinayo ndani yake.

Michirizi ya mbinguni ina baba wawili. Wa kwanza ni lenzi: kila lenzi hutia giza kidogo pembezoni, na kwenye picha moja huoni kwa sababu giza limezunguka kote. Ukiziweka saba ubavu kwa ubavu, pembezo ya hii inakutana na pembezo ya ile na mbingu inapata mlia. Wa pili ni simu yenyewe, inayopima mwanga upya kila ukigeuka. Ulipoelekea upande wa bahari inayong'aa ikapunguza, ulipoelekea kichakani ikaongeza. Kwenye Hugin kuna sehemu ya kusawazisha mwanga. Iambie ikokotoe kiasi cha mwanga cha kila picha pamoja na lile giza la pembezoni. Kwa picha zako itaondoa sehemu kubwa. Kitakachobaki ukimalizie kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kwa brashi pana na laini, kwa tabaka la kung'arisha, taratibu. Ila fanya hivyo kwenye faili la biti 16. Biti 8 zina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na mbingu ya buluu ukiivuta-vuta ndani ya ngazi hizo inaanza kukatika vipandevipande.

Siku ukirudi, haya yote yanazuilika kwa kidole. Bonyeza skrini kwa muda hadi simu ikwambie imefunga mwanga na fokasi, ndipo uanze. Bora zaidi tumia hali ya mkono, au Open Camera ambayo ni ya bure kwa Android: funga mwanga, funga fokasi, na rangi ya mwanga iweke kwenye jua, isiwe otomatiki. Kama simu yako inatoa faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW, chukua hizo. Na ukija kununua kamera, kioo cha kupunguza mng'aro kivue kabla ya kupiga picha za kuunga. Kinakoza mbingu zaidi upande ulio pembeni ya jua kwa digrii 90 kuliko kwengine, na kwenye picha pana utapata mbingu yenye doa la wino katikati.

Hali ya panorama iliyomo ndani ya simu siipendi kwa kazi hii. Inaunga hapo hapo, inakutupia matokeo, na picha za mwanzo huzioni tena. Nguzo ikikatika huna pa kuingilia.

Na lile la kuhama simu, dawa yake wavuvi wanayo. Chukua mshipi na chubwi. Funga mshipi kwenye kifuniko cha simu, chini ya lenzi kabisa, chubwi ining'inie kidogo juu ya ardhi, na chini yake weka kokoto. Shika simu wima, iwe karibu na kifua. Kila ukigeuka, chubwi irudi juu ya kokoto kabla hujabonyeza. Utajikuta unapiga hatua ndogo kuizunguka simu badala ya simu kukuzunguka wewe, na hilo ndilo tunalolitaka: lenzi ibaki pahala pamoja, kinachozunguka kiwe mtu. Watu wakikucheka waache. Kila picha iingie kwenye mwenzake kwa theluthi moja angalau. Wewe uliingiza zaidi ya nusu, na ziada hiyo ndiyo inayokuwezesha leo kuchagua nguzo itoke picha ipi.

Kuhusu wakati wa kwenda. Maruhubi iko pwani ya magharibi, kwa hiyo ukiitazama bahari asubuhi jua liko mgongoni kwako, linazipiga nguzo usoni na maji yanatoka buluu. Saa mbili na nusu ni nzuri. Mapema zaidi ya hapo vivuli vya miti vinalala juu ya mawe. Jioni jua liko mbele yako. Nguzo zinakuwa nyeusi, mbingu ndiyo picha, na tofauti ya mwanga baina ya pembe moja na nyingine inakuwa kubwa mno kwa mtu anayejifunza kuunga. Kama unataka maji yawe yamejaa asubuhi, epuka siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, maana kwa Unguja siku hizo maji hupwa mida ya saa nne asubuhi. Na usipige nusu leo nusu kesho ukidhani utaziunga, maana ukingo wa maji hautakuwa palepale. Upepo nao uangalie. Kusi ikivuma, makuti hayakai mahali pamoja baina ya picha na picha, na mshono ukipita juu ya mnazi utauona.

Tuje kwenye rangi, ambapo nitakuwa mkali kidogo. Mawe yale ni matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa. Rangi yake ni weupe uliochakaa, kijivu, weusi wa kuvu, na kijani palipo na unyevunyevu. Chungwa imetoka kwenye kitelezi cha kukoleza, si Maruhubi. Ipo namna rahisi ya kujipima. Angalia upande wa nguzo ulio kivulini. Mwanga wa kivulini mchana wa mbingu safi unatoka mbinguni, basi kivuli lazima kielekee ubaridi, buluu kwa mbali sana. Upande wa jua uwe na joto kidogo. Kama kivuli nacho kimekuwa cha chungwa, umepaka rangi, hukurekebisha. Kwenye picha yako, rudisha kitelezi sifuri, kisha teremsha chungwa na manjano peke yake hadi chokaa ifanane na chokaa. Majani ya kichaka yatataka kupunguzwa pia. Kijani cha simu siku hizi kinawaka hata usiku.

Kile kitelezi cha kutoa ukwaru usikivute mbali. Matumbawe tayari yana vitundu na makovu; ukiyaongezea ukali kidogo tu yanageuka changarawe, na kandokando ya nguzo, pale inapopakana na mbingu, panatoka mng'ao mweupe. Mng'ao huo kwenye simu huuoni, lakini kwenye mita moja na nusu utauona kutoka mlangoni.

Halafu kuna swali ambalo hukuliuliza ila nimeliona kwenye picha yako: umeanza kufuta kibao, na umenakili nguzo moja ili kujaza pengo kwenye safu. Chupa ya plastiki na mfuko, futa. Ingawa ilikuwa rahisi zaidi kuviokota pale pale. Kibao nacho kikate kwa kupunguza pembe ya picha. Lakini nguzo usinakili. Pengo lile ni la kweli, ni historia ya jengo, na wewe unatembeza wageni: kesho mgeni aliyelala kwa shangazi yako atafika Maruhubi akahesabu. Kadhalika usipachike mbingu ya machweo ya Nungwi juu ya nguzo zilizopigwa jua la asubuhi. Vivuli chini vitakusuta.

Na zile picha saba za asili usizifute baada ya kumaliza, hata zikitengenezeka vipi. Beit el Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, ikapigwa picha na kila aliyepita Forodhani, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ikaporomoka. Tangu siku ile, picha isiyoguswa ya baraza au ya nguzo moja imekuwa kitu cha maana kuliko picha nzuri. Gofu halitoi taarifa kabla ya kuanguka. Weka nakala mbili, pahala pawili, na uandike tarehe.

Kizimkazi. Hapana, si kwa njia hii hii. Maandishi ya Kikufi, khati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla ya msikiti wa Kizimkazi Dimbani yanataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ingawa sehemu kubwa ya jengo unaloliona ilijengwa upya karne ya 18. Mle ndani huna nafasi ya kurudi nyuma, na unachokitaka si mandhari, ni herufi zilizochongwa kwenye uso bapa. Kwa uso bapa hugeuki. Unasogea. Simu iwe sambamba na ukuta, umbali uleule, unahama pembeni kidogo kidogo na kupiga, kila picha iingie kwenye mwenzake kwa nusu. Kwa kuwa uso ni mmoja, hakuna cha karibu na cha mbali, paralaksi haikusumbui. Kwenye Hugin utaiambia ikokotoe kuhama kwa kamera pamoja na kugeuka kwake. Kuna chaguo la hivyo kwenye orodha ya kupanga. Palipo na mviringo wa kibla fanya peke yake, usilazimishe kuunga na palipo bapa.

Herufi za kuchonga zinataka mwanga wa ubavuni. Mwanga wa mbele, khasa wa flashi, unazilaza, kila kitu kinakuwa bapa. Kitochi kidogo kikishikwa na mwenzako karibu na ukuta, pembeni kabisa, kinatia kivuli kwenye kila mchongo na kila herufi inainuka. Kitochi kisihame mkono kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Usiguse maandishi, usipake chaki wala maji ili yasomeke. Na unajua mwenyewe kwamba ule ni msikiti unaosaliwa, si makumbusho: muone mwangalizi kwanza, nenda nje ya nyakati za sala, wageni wako wavae vya kustiri na kuvua viatu, na akikwambia leo hapana, basi leo hapana.

Turudi kwenye picha ya mapokezi. Ukishaunga na kukata, utabaki na kama pikseli 9,000 kwa 3,300, au pungufu kidogo ukiitupa ile ya saba. Kwa pikseli 150 kila inchi, 9,000 zinakupa sentimita 152, na urefu wa kwenda juu 56 hivi. Kwa picha inayotazamwa kutoka upande wa pili wa meza ya mapokezi, 150 zinatosha. Mchapishaji akikwambia lazima 300, muulize mtazamaji atasimama wapi. Ukitupa ya saba, chapisha sentimita 130 au 140 badala ya kuitanua. Ukali wa mwisho wa picha utie baada ya kuiweka kwenye saizi ya kuchapisha, si kabla, na utie kwenye mawe peke yake. Mbingu iache laini. Karatasi isiyong'aa, kwa sababu mapokezi yana mlango wazi na picha inayong'aa itaonyesha barabara ya Wete badala ya Maruhubi. Isitundikwe pale jua la mchana linapofika.

Na kabla hujalipia yote, mwambie mchapishaji akutolee kipande cha sentimita 30 chenye nguzo moja, kivuli chake na mbingu kidogo. Kipeleke kwa shangazi, kibandike ukutani palepale itakapokaa, ukitazame mchana, kisha ukitazame usiku taa zikiwashwa. Skrini inatoa mwanga na karatasi haitoi, kwa hiyo karibu kila mara kivuli cha nguzo kitatoka cheusi kuliko ulivyokiona kwenye kompyuta. Kipandishe kidogo, hicho kivuli peke yake, ndipo umpelekee faili kamili.